Sahihi za Wanawake wa Itobela

Sikuzani binti Mabruki hakuutafuta uongozi. Hilo alilisema mpaka anazeeka, na waliomjua hawakumbishia, maana waliona kwa macho yao jinsi uongozi ulivyomtafuta yeye, ukamkuta jikoni na kumtoa na upawa mkononi. Alichokitafuta yeye, tangu usichana wake pale Ng'ambo mjini Tabora, ni shughuli za watu. Jirani akijifungua, yumo. Mwali akitolewa nje, yumo. Mwanamke akifa, yeye ndiye anayeitwa kushika birika la maji wakati maiti inaoshwa. Akirudi nyumbani, mumewe Shomari, fundi bati, humwuliza bila kuinua macho kwenye kibatari anachokiunga: "Leo umezika au umezalisha?"

Mwaka wa pili baada ya Uhuru alianza kazi ambayo hakutumwa na mtu. Katika hospitali ya mjini walikuwa wakilazwa wagonjwa kutoka vijijini wasio na ndugu hata mmoja wa kuwapelekea chakula. Sikuzani alipika uji wa uwele katika sufuria kubwa, akajitwika, akapita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Wewe nani anakuletea?" Asiye na mtu alipata kikombe. Wenzake wa mtaani walimcheka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakaanza kumletea unga, mwezi wa tatu wakawa wanagombea zamu. Ndivyo alivyokuwa. Hakumhutubia mtu, aliinama tu akaanza kufanya, na wengine wakaona haya kusimama.

Ni huko hospitali alikomkuta Nyamizi, ameketi sakafuni kando ya kitanda cha binti yake wa pekee. Alikuwa mjane wa Kinyamwezi kutoka Itobela, kitongoji kilichokuwa mwendo wa saa moja na nusu kupita Kwihara, kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Mjini hakuwa na mtu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Siku tisa Sikuzani aliwaletea vikombe viwili. Siku ya kumi binti akafa. Shomari akatafuta mkokoteni wa ng'ombe, na Sikuzani akatembea nyuma ya mkokoteni huo mpaka Itobela. Alisaidia kuosha, akasimama kaburini, pale pale pembeni mwa nyumba, kaburi jipya kando ya lile la marehemu mume. Kabla hajaondoka Nyamizi alimshika mkono.

"Nilikuwa na mwana mmoja, sasa sina," alisema. "Basi wewe ndiye mwanangu."

Sikuzani hakujaliwa mtoto, na mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa. Alilia njia nzima ya kurudi, asijue analia msiba au analia kwa kuwa amepata mama.

Mwaka 1968, Azimio la Arusha likiwa bado jipya midomoni mwa watu, Shomari alirithi shamba la mjomba wake huko Kwihara. Ndoo za plastiki zilikuwa zimeanza kumharibia soko la vyombo vya bati. "Serikali inasema turudi shambani," alisema, "na plastiki nazo zinasema vivyo hivyo. Hao wawili wakikubaliana, mimi nani hata nibishe?" Wakafunga mizigo, wakahama.

Kwihara haikumtuliza Sikuzani, ilimwongezea miguu. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikiimba habari ya kisomo cha watu wazima, na walimu wa kujitolea walitakiwa kila mahali. Sikuzani alikuwa na darasa la nne la shule ya wasichana na mdomo usiochoka. Akaomba Itobela. Kila Jumanne na Ijumaa alasiri alikwenda kwa miguu mpaka kwenye banda la kukaushia tumbaku, akaegemeza ubao wake alioupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu, na wanawake kumi na wanane wakakaa chini mbele yake na watoto migongoni. Wanaume walikuja wiki mbili, wakaona wake zao wanawapita, wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Darasa lile lilikuwa na desturi yake, ambayo Sikuzani aliianzisha kwa mchezo ikageuka jambo kubwa. Mwanamke akiwa bado hajui kuandika, huweka dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Siku atakayoweza kuandika jina lake lote bila kuangalia ubao, huletwa bakuli la maji. Anaweka dole kwa mara ya mwisho, ananawa wino wenzake wakimtazama, kisha anashika kalamu na kuandika jina pembeni mwa dole lile. Hapo banda zima hulipuka vigelegele. Waliiita kuosha dole. Aliyekwisha kuosha dole hakurudi tena kwenye wino. Ingekuwa aibu, afadhali arudie kutambaa.

Nyamizi aliosha dole baada ya miaka miwili, wa mwisho katika wote. Herufi Z ilimtesa, kila akiiandika ilitazama kinyume, na mpaka mwisho ilibaki hivyo hivyo. Lakini alipolipata jina lake alichanganyikiwa kwa furaha. Aliliandika kwa mkaa mlangoni, akaliandika kwenye kihenge cha mtama, akaliandika kwenye kibuyu, na kama mbuzi wake wangetulia wangeandikwa na wao. "Sasa nikifa," alimwambia Sikuzani, "mtu akipita hapa atajua ni kwa nani."

Na kila somo lilipokwisha, kabla hawajakung'uta kanga zao, Sikuzani aliwaimbisha mara tatu: "Usitie sahihi usipopasoma." Waliimba kwa nguvu, wengine wakiwa hawaelewi sahihi ya nini itakuja kuwatafuta huko porini.

Watu walipoambiwa wachague balozi wa nyumba kumi, upande ule wa Kwihara hawakuwa na jina jingine. Hiyo ilikuwa 1970. Baada ya miaka miwili akaingia halmashauri ya tawi la chama, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja, na katika mkutano wa kwanza mmoja wao akamwomba alete maji ya kunywa. Akayaleta, akamwekea huyo bwana mbele yake, akakaa, akaomba kusema kabla ya wote. Shomari alipohadithiwa alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu," alisema, "wewe umeolewa na mimi au umeolewa na chama? Nijue, nianze kujipikia." Hata hivyo alimtengenezea sanduku la bati la kutunzia karatasi zake, lenye kufuli.

Sikuzani alifurahi, na tusimfiche. Alipenda kiti kile. Alipenda kuwaambia wanawake wa Itobela, "Nitalifikisha," na siku ya pili anakwenda kulifikisha kweli. Na jambo walilokuwa wakimpa alifikishe, kila mwaka, lilikuwa moja tu: maji. Kiangazi Itobela walifukua mchanga mtoni, mwendo wa saa mbili, wakarudi na ndoo ya tope. Sikuzani aliwaahidi kisima. Aliahidi mbele ya banda zima, kwa sauti yake ya ualimu, na kwa kuwa hakuwahi kuwadanganya hawakuwa na sababu ya kumwuliza atakitoa wapi.

Mwezi wa Desemba 1973, katibu kata alimwita ofisini. Huyu aliitwa Luhende, mtu mpole, kalamu tatu mfukoni, mwenye tabia ya kusimama mgeni akiingia. Alimwuliza hali ya Mzee Shomari, akamwuliza mvua, ndipo akafungua mtoto wa meza na kutoa karatasi tatu zilizopigwa mistari kwa rula, namba moja mpaka sitini.

"Ndugu Sikuzani, lile suala lako la Itobela. Kisima."

Sikuzani alisogeza kiti chake karibu na meza.

"Wilaya wanataka kuona wananchi wenyewe wameomba," Luhende alisema. "Si madole, sahihi. Wakiona wanawake wa porini wameandika majina yao kwa mkono wao, nani atakataa? Wewe weka yako ya kwanza, kama shahidi, kisha waandike."

Sikuzani alizigeuza karatasi. "Mbona juu hapana maneno?"

"Utepe wa taipu umekatika. Ukirudisha tutapiga maneno hapa hapa. Au unataka tusubiri utepe kutoka Dar es Salaam?"

Hapo ndipo pa kumlaumu, na yeye mwenyewe alijilaumu hapo hapo, maisha yake yote, hakusogea hatua moja mbele wala nyuma. Alijua. Aliyewaimbisha watu miaka mitano alijua karatasi isiyo na kichwa ni kitu gani. Lakini alikiona kisima. Alikiona na mdomo wake wa saruji na kamba yake, akamwona Nyamizi anateka bila kuinama sana. Na Luhende alikuwa mwenzake katika chama, mtu wa kumwita ndugu. Aliweka sahihi yake juu kabisa, nzuri, yenye mkia, akazikunja karatasi na kuzitia katika sanduku la Shomari.

Ijumaa ile bandani ilikuwa kama harusi. Wanawake waliposikia kwamba majina yao yanakwenda wilayani, walikwenda kuoga. Walirudi na kanga safi, wengine wamejifunga vilemba. Wanaume walisimama nje wakijifanya wanatazama ng'ombe, na mmoja akasema kwa sauti kwamba sahihi za wake zao zinatosha kwa nyumba nzima. Mmoja mmoja walipiga magoti mbele ya kiti kilichokuwa meza, wakaandika, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Wenye waume waliandika na majina ya waume zao, ili karatasi ijae.

Zamu ya Nyamizi ilipofika alishika kalamu, kisha akaitua.

"Mwanangu, hapa juu pamekaa wazi. Si ulitufundisha tusome kwanza?"

Banda zima likacheka, maana bibi aliyekuwa wa mwisho kuosha dole ndiye aliyekumbuka somo. Sikuzani naye alicheka.

"Maneno ninayo mimi, mama," alisema. "Wewe andika tu."

Nyamizi akaandika. Herufi Z ikatazama kinyume. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakashtuka.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata watu wa Itobela waliitwa kwenye mkutano. Alikuja Luhende na mgeni kutoka wilayani, wakaketi nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa. Sikuzani aliketi nao, mwisho kabisa wa meza, amevaa sare yake ya kijani. Mgeni alisimama, akazungumza haraka haraka, Kiswahili cha ofisini chenye maneno marefu. Kisha akasoma: "Sisi wananchi wa Itobela, kwa hiari yetu wenyewe na kwa kuitikia mwito wa taifa, tunaomba kuhamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara kuu, ifikapo mwezi wa Septemba." Akafunua karatasi ya pili na kuanza kusoma majina.

Wanawake wa Itobela hawakuwa wameyadaka maneno yale ya mwanzo. Yalipita kasi mno. Walichokisikia ni majina yao yakisomwa kutoka kwenye karatasi, na jina likisomwa kutoka kwenye karatasi, kwao kulikuwa na jibu moja tu, la miaka mitano ya Jumanne na Ijumaa.

"Nipo!" aliitika wa kwanza.

"Nipo!" wa pili.

"Nipo, mwalimu!" wa tatu, na watu wakacheka.

Mgeni aliinua uso, akatabasamu, akamwambia Luhende kwamba hajapata kuona kitongoji chenye mwamko namna hii. Aliendelea kusoma. Sikuzani alikuwa amesimama, lakini sauti haikutoka. Alimtazama Nyamizi, na Nyamizi, jina lake lilipotajwa, aliitika kama wenzake, "Nipo!", na kidevu chake kimeinuka kwa fahari.

Sauti ya Sikuzani ilipopatikana majina yalikuwa yamekwisha. "Ndugu Katibu," alisema, "watu hawa waliomba kisima."

"Na kisima watapata," Luhende alijibu. "Huko wanakohamia."

Minong'ono ilianza nyuma, kwa Kinyamwezi, mtu akimweleza mwenziwe, mwenziwe akimweleza wa mbele. Sikuzani aliuona uelewa ukitembea kutoka uso mpaka uso, polepole, mpaka ukafika mstari wa mbele. Mkutano ulipofungwa hakuna aliyemfuata. Luhende ndiye aliyemvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Dada yangu, nimepewa vitongoji sita na miezi sita. Unadhani mimi ninalala?" Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hakuwa na hata mtu mbaya wa kumchukia vizuri.

Alikwenda mjini. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya siku mbili, akilala kwa shemeji yake Ng'ambo, na siku ya tatu akaingizwa. Bwana mmoja mwenye miwani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua jalada na kumwonyesha karatasi.

"Sahihi hii ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Lakini maneno haya hayakuwepo."

"Unataka nikuandikie kwamba kiongozi wa tawi alisainisha wananchi karatasi tupu?"

"Andika," Sikuzani alisema. "Au nipe kalamu niandike mwenyewe."

Bwana yule alimtazama kidogo, kama aliyetarajia jibu jingine. Akampa kalamu. Sikuzani aliandika kurasa mbili, hakujitetea, akasema ni kosa lake na watu wasiadhibiwe kwa kosa lake. Karatasi ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ikatobolewa matundu mawili, ikaingizwa katika jalada lile lile, juu ya zile nyingine. Akaambiwa barua yake itashughulikiwa. Alitoka nje akasimama juani, akiwa ametoa kila alichokuwa nacho cha kutoa, na hakikusogeza hata unywele.

Alirudi kwa Shomari. Shomari hakutania. Alimwekea maji ya kuoga.

Lori lilifika Itobela wiki ya tatu ya Septemba, pamoja na mgambo wanane. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuezua mapaa, ili mtu asipate pa kurudi. Nyasi za miaka zilishuka na vumbi lake, na ndani ya nyumba kukawa na mwanga ambao haujawahi kuwemo, ukionyesha kila kitu: vyungu, mikeka, moshi ukutani. Sikuzani alikuja kwa miguu tangu alfajiri. Alikuwa amepanga kusimama mbele ya lori. Alisimama kweli. Dereva akazima injini, akamsubiri kwa adabu, akavuta sigara, na baada ya muda kiongozi wa mgambo akamwambia, "Mama, shikamoo. Karatasi inasema wewe ndiye shahidi. Tusaidie basi wazee wapande." Sikuzani akasogea pembeni. Angefanya nini kingine?

Nyamizi alikuwa hajafunga hata mzigo mmoja. Alisimama kati ya nyumba na makaburi yale mawili.

"Na hawa?" alimwuliza Sikuzani.

Sikuzani aliyatazama makaburi.

"Hawa nani atawatilia sahihi?"

"Mama, nisamehe. Nilidanganywa."

"Wewe ulidanganywa," Nyamizi alisema. "Mimi niliambiwa na mwanangu."

Akaingia ndani ya nyumba isiyo na paa, akatoka na debe la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akiba yake ya kiangazi. Sikuzani alilipokea debe akajitwika, na hakunyang'anywa. Ndicho kitu pekee alichoweza kufanya siku ile, kubeba debe la viazi mpaka kwenye lori. Alipogeuka alimwona Nyamizi mbele ya mlango wake. Alikuwa ametemea kiganja chake mate na anausugua ubao wa mlango, taratibu, kuanzia herufi ya mwisho, mpaka jina lote likawa doa jeusi. Kisha akaja akapandishwa.

Kijiji kipya kilikuwa na jina zuri la serikali, lakini wenyewe walikiita Mstarini, kwa sababu nyumba zilipangwa kwa kamba kama miche kwenye tuta la tumbaku. Gari la maji lilikuja Jumamosi tatu, ya nne halikuja. Kisima kilichimbwa pima sita, wakakuta mwamba, wachimbaji wakaenda kuleta baruti na hawajarudi mpaka leo. Wanawake walikwenda mto ule ule wa zamani, sasa kutoka upande wa pili, mwendo wa saa tatu. Sikuzani alikwenda nao siku za kwanza, na ndoo yake. Walimpisha njia, walimsalimu, walimshukuru. Hakuna aliyemtania, wala aliyenyamaza kwa chuki. Walimtendea kama wanavyomtendea kiongozi.

Mwanzoni mwa 1975 alikwenda kwa Luhende kujiuzulu. Luhende alisimama kama kawaida yake, akaisoma barua, akaikunja na kumrudishia.

"Jina lako limekwisha kurudi kutoka juu. Unagombea uenyekiti wa tawi. Kwihara pamoja na kijiji kipya."

"Nani kaniombea?"

"Kazi yako. Hakuna tawi lililohamisha watu bila fujo kama lako."

"Sitaki, Ndugu Luhende."

"Ukikataa ataletwa mtu asiyewajua kabisa. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo, na Luhende alijua. Siku ya kura lilikuwepo jina lake peke yake, na masanduku mawili, la ndiyo na la hapana. Alipata ndiyo mia mbili na kumi na moja, na hapana tisa. Walimvisha mgolole wa kaniki, wakambeba juu, wakaimba. Akiwa huko juu ya mabega ya watu alikuwa akizitazama nyuso, akijaribu kuwatambua wale tisa, kwa maana kama angewajua angekwenda kuwapa mkono.

Mwezi wa Agosti mwaka huo ulifanyika mtihani wa kisomo wa nchi nzima. Kila tawi lilitakiwa kupeleka hesabu ya walioshinda ujinga, na Mstarini ilitegemewa sana, kwa sifa ya karatasi zile. Sikuzani alisema atausimamia mwenyewe. Alifika asubuhi na bahasha za mtihani, kalamu ishirini, na kitu kingine ambacho hakuna aliyemtuma alete: bakuli la maji la zamani, lile la bandani. Hakujua hasa analiletea nini. Huenda alidhani wakiliona watakumbuka jinsi walivyokuwa.

Wanawake kumi na wanane walipanga foleni kwenye kibanda cha shule kisicho na kuta. Kila mmoja alitakiwa aandike jina kwanza mezani mbele ya msimamizi, kisha aende kuketi na karatasi yake. Nyamizi alikuwa mbele ya wote. Alikuwa amekonda, na nywele zimekwisha kuwa nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ndugu Mwenyekiti."

Sikuzani alimsogezea kalamu. Nyamizi hakuichukua.

"Nipe wino."

"Wino wa nini, mama? Wewe unajua kuandika."

"Sijui."

"Mama, nimekufundisha mimi. Andika jina lako tu, basi, hata mtihani usifanye." Mbele ya watu wote akaigeuza karatasi imwelekee Nyamizi. "Nakuomba. Juu kuna maneno safari hii. Tazama. Soma."

Nyamizi aliitazama karatasi. Macho yake yalitembea kwenye mstari wa juu, kutoka kushoto kwenda kulia, yakasimama kidogo, yakashuka mstari wa pili. Alikuwa anasoma. Sikuzani aliona kabisa kwamba anasoma. Kisha akainua uso.

"Maneno si unayo wewe," alisema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe alikoweka ufunguo. "Andika mwenyewe. Mimi nitaweka dole."

Kulikuwa na kikopo cha wino wa muhuri ndani ya sanduku la bati. Sikuzani alikitoa, akakifungua. Nyamizi alinyoosha mkono, na Sikuzani akakishika kile kidole gumba kikavu, akakichovya, akakiegemeza kwenye karatasi na kukibonyeza, kama alivyowafanyia siku za mwanzo kabisa, walipokuwa hawajui kitu. Akaandika pembeni kwa mkono wake: Nyamizi Ngollo, hajui kusoma wala kuandika.

Nyuma, mwanamke wa pili alikuwa amekwisha kutoa kidole chake ndani ya kanga, na wa tatu vile vile. Nyamizi alipita pembeni mwa meza na wino wake kidoleni, akaenda kukaa kivulini. Bakuli la maji lilibaki pale pale mezani mpaka mchana, na hakuna aliyeligusa.